Mtani na Mashine ya Adabu

Mama yangu alikuwa na presha, na alikuwa haamini. Daktari wa zahanati alimweleza, mimi nikamweleza, redio ikamweleza, na wote tulipata jibu moja: "Dawa ni ya mgonjwa. Mie naumwa wapi?" Kisha anainuka, anajifunga khanga kiunoni, anakwenda kusonga ugali wa watu sita katika nyumba ya mtu mmoja, na pembeni anaweka samaki mkavu, ng'onda aliyekolea chumvi mpaka ulimi unasisimka. Ni miaka mingi nafundisha chuo kikuu. Nimebishana na wanafunzi walionakili kazi za wenzao neno kwa neno na bado wakaniapia kwa Mungu. Lakini mbishi kama yule mwanamke wa Mtoni sijapata kumwona.

Kazi yangu ni utafiti. Naangalia jinsi simu inavyoweza kuwafundisha watu wazima mambo ya afya, wale ambao darasani walishatoka zamani na hawana hamu ya kurudi. Tulipopata mradi wa presha, wenzangu walitaka tuufanye Kawe, ninakoishi, kwa sababu barabara ni nzuri na pa kunywa kahawa papo. Mimi nikang'ang'ania Mtoni. Nilitoa sababu za kisomi, zote za kweli, na moja nikaimeza. Mama yangu mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, alianguka jikoni huko huko Mtoni akiwa anapeta mchele. Kiharusi. Alilala upande mmoja ukiwa umekufa mpaka alipotutoka. Sikutaka kuona ungo mwingine ukidondoka.

Kiongozi wa mradi, profesa wetu, alimkubali mama aingie kwa sharti kwamba vipimo vyake atavisimamia yeye na si mimi. Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila mshiriki alipewa mkanda wa kupimia presha, ule wa kufunga mkononi, unaopeleka vipimo kwenye simu wenyewe. Wote wakaingizwa katika kundi moja la simu. Asubuhi linakuja somo fupi la sauti, na sauti hiyo ni yangu, nilirekodi chumbani nikiwa nimejifunika blanketi ili kelele za jirani zisiingie. Baada ya somo mtu anajipima, anameza dawa, kisha anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi kuwaambia wenzake kwamba amemeza. Na nyuma ya yote hayo kulikuwa na mashine ya profesa.

Mashine hiyo ni programu ya kompyuta, lakini profesa aliisimulia kama mtu anavyomsimulia mtoto wa kwanza. Ilisikiliza kila ujumbe na kuupa rangi. Kijani, mambo shwari. Njano, mtu amekaa kimya mno. Nyekundu, kuna anayetishwa, anayetukanwa, au aliyekata tamaa ya kuishi. Ikiona nyekundu, inampelekea mhusika onyo papo hapo, tena kwa siri, ili asiaibike mbele ya wenzake.

Maneno ya hatari tuliyachagua wenyewe. Tulikaa mezani kutwa nzima, feni ikizunguka juu, tukayaorodhesha: kufa, kuzika, sanda, maiti, kaburi. Mezani pale kulikuwa na watu wa kutoka kila pembe ya nchi hii. Kila mmoja alikuwa na watani wake, na kila mmoja alishawahi kukatiwa sanda na mtani akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuna aliyekumbuka. Nami nilikuwepo, nimevaa miwani, natikisa kichwa kama msomi.

Wiki za mwanzo mama alifanya alichotaka. Asubuhi alituma sauti tamu kama ya msomaji wa taarifa ya habari: "Nishakunywa, asanteni wanangu." Mashine ikampa kijani. Mkanda wa mkononi, ambao haujui kubembelezwa, ukasema presha iko juu vile vile. Nilipokwenda Jumapili nikamkuta na vidonge vyote ndani ya kopo la siagi, na katika mchicha wake chumvi inaonekana kwa macho.

"Mama, somo la chumvi hukulisikia?"

"Nimelisikia. Hiyo kompyuta yenu imeshawahi kula mchicha usio na chumvi?"

Nilirudi Kawe nimenuna njia nzima.

Sasa, ng'ambo ya kichochoro, mkabala na nyumba ya mama, anaishi mzee mmoja fundi cherehani. Yeye ni Mnyamwezi, sisi ni Wazaramo, na habari hiyo inatosha kuelezea maisha yao yote wawili. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya sufuria ikiwa bado jikoni, na kuja msibani kwako kuwaigizia watu ulivyokuwa ukitembea. Mwiko ni mmoja tu, kukasirika. Baba yangu alipofariki, mzee huyu aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Kuku alipewa.

Mimi aliniita daktari wa makaratasi. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "umesoma miaka yote hiyo, na mtu akipata homa unamwandikia insha!"

Naye alikuwa na presha, akajiunga na mradi. Asubuhi yake ya kwanza kundini alifungua kinywa, na kundi likaamka.

"Mzaramo! Jua limetoka, nyie bado mnangojea ngoma ya mdundiko? Hebu meza hivyo vidonge. Au acha, usimeze. Sanda nishaikata, iko hapa juu ya cherehani, inangoja vipimo tu. Ila kwa umbo hilo, naona itabidi niunge vitambaa viwili."

Mama alijibu kabla maji ya chai hayajachemka. "Mpagazi wee! Babu zako wamebeba mizigo ya watu toka Tabora, wakafika pwani miguu imevimba, sie tukawapa madafu. Leo unanikatia sanda? Haya sikiliza." Ikasikika sauti ya maji yakishuka kooni. "Umesikia? Nimemeza. Nimemeza ili nikuzike wewe, na kwenye matanga yako napika michembe mitupu, viazi vyenu vikavu, mle chakula cha kwenu."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyompasa mtafiti. Mama amemeza! Kilichowashinda daktari, redio na mwanawe wa kumzaa, kimewezwa na tusi moja. Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi ya asubuhi. Mzee anachokoza, mama anameza kwa hasira, washiriki wengine wanacheka na kumeza za kwao. Presha ya mama ikaanza kushuka. Hata chumvi alipunguza, baada ya mzee kuliambia kundi zima kwamba Mzaramo anajikausha mwenyewe kama ng'onda ili asisumbue wazishi.

Na kila asubuhi, kwenye kompyuta ya profesa, wale wawili walikuwa wekundu kama nyanya.

Onyo likatumwa. "Ndugu mshiriki, lugha uliyotumia inaweza kumuumiza mwenzako. Tafadhali tumia lugha ya staha. Ukiendelea, utaondolewa kwenye kundi." Mama hasikilizi ujumbe wowote unaoanza na ndugu mshiriki. Alidhani ni tangazo la kampuni ya simu, akalifuta kabla halijafika neno la tatu. Mzee yeye alisikiliza mpaka mwisho. Aliwahi kushona sare za serikali kwa miaka mingi, na kitu chenye maneno tafadhali na utaondolewa kilimfanya akae wima. Zaidi ya hapo, sauti iliyokuwa ikimwonya aliijua tangu ikiwa ya mtoto anayelilia barafu. Ilikuwa sauti yangu.

Kesho yake kundi lilipokea ujumbe huu: "Habari za asubuhi, bibie. Natumaini umeamka salama. Nimekunywa dawa. Ahsanteni."

Rangi ya kijani. Profesa alifurahi, akatuonyesha kwenye kikao jinsi migogoro ilivyokwisha. Kundi lote lilikuwa limetulia, skrini nzima kijani kama shamba la mpunga. Mimi nilikuwa natazama mstari mwingine, ule wa mkanda wa mama, nao ulikuwa umeanza kupanda.

"Mama yako presha inapanda," profesa alisema alipouona. "Labda amerudia chumvi."

"Profesa, hajarudia chumvi. Amenyimwa matusi."

Alinitazama kwa huruma, jinsi tunavyowatazama wanafunzi waliochanganyikiwa karibu na mitihani. Nilikasirika. Nilitoka nikabamiza mlango, lakini mlango wa ofisi ile ni wa kioo na hujifunga wenyewe polepole, kwa hiyo hata hasira yangu haikusikika.

Nikaenda Mtoni. Mama alikuwa amekaa sebuleni, mapazia yameshushwa, jambo ambalo hulifanya kukiwa na msiba tu.

"Kaniita bibie," aliniambia kabla sijamaliza shikamoo. "Miaka yote hii natukanana na yule mzee, leo ananiita bibie kama mtu anayetaka kuniuzia kiwanja. Jana nimepita mbele yake, kainuka kwenye kiti. Kainuka! Nimemkosea nini mie?"

"Dawa umekunywa, mama?"

"Ninywe ili iweje? Mtani akikuheshimu, ujue kashakuzika."

Kopo la siagi lilikuwa limejaa tena. Nikavuka kichochoro. Mzee alikuwa kibarazani anapinda sketi ya shule, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniita daktari. Daktari tu, bila makaratasi. Nikajua mambo yameharibika.

"Baba, lile onyo si langu. Ni mashine."

"Mashine ina sauti yako."

"Nilirekodi zamani, kabla ya mradi kuanza."

"Kumbe ulijiandaa."

"Baba!"

Akaweka sindano chini. "Mwanangu, mie nimelala ndani ya kaburi la baba yako. Siku ile hamkusema nina lugha mbaya. Leo mama yako kachoka na utani, si angeniambia mwenyewe? Kwa nini anishitaki chuo kikuu?"

Niliapa kwamba mama hakushitaki mtu. Akasema sawa, amesikia, lakini neno likishaandikwa na wakubwa yeye hawezi kulivuka. Aliyelifunga ndiye alifungue. Akainama tena kwenye sketi yake. Nilimwona jinsi alivyozeeka.

Kumpata profesa aje Mtoni kulihitaji ujanja. Nilimwambia kwamba washiriki wawili wako mbioni kujitoa, na kwamba mradi unaopoteza washiriki huulizwa maswali mengi. Akaja upesi. Alikuja na kompyuta yake mgongoni na viatu vyeusi vilivyong'aa, akavivua mlangoni kwa heshima, akaketi kwenye mkeka na kuanza kumweleza mama habari za staha katika mawasiliano ya kidijitali. Mama alimsikiliza kwa upole wa kutisha.

"Profesa, mwanangu, kwenu wapi?"

"Mwanza, mama."

"Msukuma?"

"Ndiyo, mama."

Mama alinyanyuka, akaenda mlangoni, akachukua vile viatu, akarudi navyo akavikalia. Msukuma naye ni mtani wetu, na mimi, katika ujanja wangu wote, nilikuwa nimesahau kumtaarifu profesa. Labda sikusahau.

"Hivi sasa ni vya Wazaramo," mama alisema. "Utarudi chuoni peku kama babu zako. Na hiyo kompyuta nitaanikia dagaa."

Profesa alinigeukia. Nikatazama dari. Akaweka sawa miwani yake, na nikaona kitu kikihangaika usoni mwake, kitu ambacho kilikuwa kimefungiwa huko ndani tangu aliposafiri kwenda kusomea shahada zake nje. Hatimaye kikatoka.

"Vikalie vizuri, Mzaramo," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Ndiyo mara yako ya kwanza kugusa ngozi ya ng'ombe. Nyie mali yenu ni nazi, na zenyewe mnangoja zidondoke."

Mama alipiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka barabara ya Kilwa. Ng'ambo ya kichochoro cherehani ilinyamaza. Tukasikia ndala zikivuka, na mzee akatokea mlangoni futi ikiwa shingoni.

"Nani huyo anamwibia ndugu yetu? Mzaramo, yaani umezeeka mpaka wizi unaufanyia mchana?"

 Mama alimtazama mzee, mikono ikiwa bado imeshikilia viatu vya watu.

"Kumbe mdomo unao," alisema. "Nilidhani mchwa wameula."

"Mdomo ninao. Umekunywa dawa?"

"Sijanywa. Unanidai?"

"Usinywe! Nimeshaanza kuunga kile kitambaa cha pili."

Mama akaniamuru nilete kopo la siagi na maji. Akameza mbele yetu sote, macho yakimkodolea mzee, kama mtu anayekula kiapo. Kisha kesi ikasikilizwa. Nilihukumiwa mimi, kwa kosa la kukopesha mashine sauti yangu, na faini ikawa jogoo. Niliilipa siku hiyo hiyo. Profesa alifunguliwa mashitaka ya kusahau kwao, akaachiwa kwa onyo, lakini viatu havikurudi. Aliondoka na ndala za mama za rangi ya waridi.

Akiwa njiani akatuma ujumbe kundini, wa kwanza wake. "Mzaramo, hivyo viatu uvipake rangi kila siku. Nikirudi nikavikuta na vumbi, nakuzika ukiwa hai."

Muda si muda simu yangu ikaita.

"Nimeonywa," profesa alisema.

"Na nani?"

"Na wewe. Umeniambia nitumie lugha ya staha, la sivyo nitaondolewa."

Nilicheka mpaka ikabidi nikae chini. Juma lile tukakubaliana kwamba mashine isimwonye mtu tena mpaka binadamu asikilize kwanza. Profesa akajaribu kuifundisha utani, anajaribu mpaka leo, na mashine bado inadhani Mtoni ni uwanja wa vita. Kwa wale wawili tukaiacha rangi ilivyo. Nikawa naamka Kawe, nafungua kompyuta, nikikuta nyekundu mbili naenda kuchemsha chai moyo ukiwa umetulia. Mstari wa mama ulishuka, na wa mzee nao.

Kisha ikaja asubuhi moja ya masika. Nilifungua kompyuta nikaona kijani kwenye jina la mzee. Nikasikiliza. "Habari za asubuhi. Nimekunywa dawa. Ahsanteni."

Profesa alinipigia kabla sijashika simu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Nenda. Kikao nitakisimamia mimi."

Nilimpigia mama, hakupokea. Nilipofika Mtoni majirani waliniambia kwamba mama aliusikia ule ujumbe akiwa anakoroga uji. Aliuacha mwiko humo humo, akavuka kichochoro khanga ikiburuta, akamkuta mzee ameketi mbele ya cherehani, mkono wa kulia umelala juu ya kitambaa na haumtii. Alisimamisha bajaji katikati ya njia kwa kujisimamisha yeye mwenyewe mbele yake. Walikuwa hospitali kabla uji haujaungua.

Daktari, yule wa kweli, alisema wamewahi. Aliuliza nani alitambua kuwa mzee anaumwa, maana dalili zilikuwa bado ndogo sana.  Ningemwambiaje kwamba mgonjwa alikuwa amesalimia vizuri?

Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, ameinamia shuka.  Mzee alifumbua macho, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Mdomo ulikuwa umempinda kidogo upande mmoja, na maneno yalitoka polepole, moja moja.

"Mzaramo. Umemeza?"

Alikuwa hajameza. Kidonge chake cha asubuhi ile alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga akingoja uji uive. Mama alifungua fundo, machozi yakimdondokea mkononi, akakitia kinywani na kukimeza hivyo hivyo bila maji. Kisha akajifuta uso na kumsogelea karibu.

"Haya, nimemeza," alisema. "Sasa nitukane."

Mzee alijaribu. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Mama akamsubiri, kichwa kimeinama, kama mtu anayengoja dua imalizike. Mara ya pili lilitoka tusi zima, la kuhusu upana wa kaburi, ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu mama bado yuko hai na ana watu wa kumsomea. Mama alicheka huku analia, kwa sauti ya kufika lango la hospitali, nami nikacheka naye, na muuguzi akachungulia mlangoni akatuomba tutumie lugha ya staha.